Kisite kwa Maji Mafu

Jumapili

Kabla ya kutafuta boti nimetafuta mwezi. Dada yangu anashuka kesho kutoka Nairobi na mumewe na wanawe wawili, na watoto hao wananidai safari ya kuona matumbawe tangu likizo iliyopita. Mombasa ina hifadhi yake ya bahari, iko hapa Nyali na Bamburi, karibu kabisa na kwangu Kisauni. Lakini mimi niliwaahidi Kisite, kusini, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini, ukingoni mwa Kenya na Tanzania, na ahadi kwa mtoto haina rufaa.

Dada alitaka twende Jumanne, wasipoteze siku. Nikamwambia Jumanne mwezi utakuwa tano tu, yaani siku ya tano tangu uandame, na maji bado yana nguvu. Tukabishana kidogo. Watu wa bara huona bahari ni ile ile kila siku, ukifika imekungoja. Anayekwenda kuogelea huku uso umetazama chini lazima ajue maji yatakuwa wapi saa ile atakayoshuka, na yatakuwa yakielekea upande gani.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua. Bahari hujaa sana na kupwa sana. Huku kwetu, bamvua kubwa likija, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yote hayo yanapita juu ya mwamba na kati ya visiwa, yanakokota mchanga, yanafifisha macho, na yanamchukua muogeleaji asiye na mazoezi akajikuta mbali na boti yake. Isitoshe, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo boti nyingi za wageni huwa zinafika Kisite. Wiki moja baadaye mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na mambo yote yanageuka: maji hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hayapandi sana wala hayashuki sana, na katikati ya kujaa na kutoka yanasimama kwa muda mzuri. Hapo ndipo pa kuwashusha watoto.

Jumamosi mwezi utakuwa tisa. Nimemwandikia dada: Jumamosi, na mjadala umefungwa.

Msimu uko upande wetu. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeshashika, mvua za vuli zimepita, mito haimwagi tope baharini. Kuanzia Aprili kusi, upepo wa kusini, ikiingia, Kisite haifungwi, lakini mawimbi yanakuwa makubwa na safari ya boti inakuwa ya wenye matumbo magumu.

Jumatatu

Siku ya simu. Nimeongea na watu watatu wa Shimoni, kijiji cha bara ambako boti za Kisite huondokea, na kila mmoja ana hesabu yake. Wa kwanza alinitajia bei ya kichwa, ikaonekana rahisi mpaka nilipomuuliza kama kiingilio cha hifadhi kimo. Hakimo. Chakula je? Hakimo. Vifaa? "Vifaa vipo, ndugu yangu, lakini vinakodishwa." Wa pili alikuwa dalali, hana boti. Wa tatu ni nahodha mwenyewe, mzee wa Wasini, sauti imekauka kwa chumvi. Alinitajia bei ya boti nzima, akaeleza kilichomo na kisichomo kabla sijauliza, kisha akaniuliza swali ambalo wale wengine hawakuniuliza: "Hao watoto wanajua kuogelea, au wanajua kuoga?"

Nikamchukua yeye.

Kwa atakayepanga safari kama hii, bei ya boti nzima ni nafuu kwa familia, na bei ya kichwa ni nafuu kwa aliye peke yake akubaliye kuchanganywa na wengine. Vyovyote vile, dai jaketi la kuokolea la kila mtu, na la mtoto liwe la kitoto. Jaketi la mtu mzima likivaliwa na mtoto wa miaka minane humpanda mpaka masikioni, na akianguka majini humvuka kupitia kichwani.

Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kupitia eCitizen, na hawapokei pesa taslimu. Viwango vya raia, mkazi na mgeni vinatofautiana mno, na hubadilishwa, kwa hiyo nisitaje hapa bei itakayokuwa imechina mtu akiisoma. Muhimu ni kubeba kitambulisho chenyewe. Nimemsisitizia dada abebe na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akalalamika kwamba anakwenda baharini, haendi kuandikisha pasipoti.

Jioni nimeshughulika na shemeji, ambaye anataka kujua kama anaweza kuja na mshipi wake wa kuvulia. Kisite hapana. Eneo hilo lilitangazwa hifadhi mwaka 1973, mipaka ikarekebishwa 1978, na lina sehemu mbili zenye sheria mbili. Kisite yenyewe, kilomita za mraba 28, ni marufuku kuvua chochote, kuokota chochote, hata kombe lililokufa. Mpunguti, kilomita za mraba 11, wavuvi wa huku wanaruhusiwa kwa zana zao za asili: mishipi, na malema, yaani mitego ya kusukwa. Wenyeji hawakulipokea jambo hilo kwa vigelegele. Kisite ilikuwa shamba lao, na wazee wa Wasini na Mkwiro, vijiji vya kisiwani humo, bado wanaweza kukuonyesha kwa kidole mwamba ambao baba zao walitegea. Baadaye boti za wageni zikaleta riziki nyingine, ingawa haikumfikia kila aliyepoteza. Shemeji amesikiliza yote hayo, akaniuliza kama Mpunguti yeye hahesabiki mwenyeji kwa kuoa.

Jumatano

Leo tumekwenda Nyali kufanya mazoezi, maji ya kiunoni, mchanga mtupu, hakuna mwamba. Mtu asijifunze kupumulia mrija kwa mara ya kwanza juu ya matumbawe, maana akipaliwa atasimama, na atasimama juu ya nini?

Nilianza na miwani. Uivae usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikishika yenyewe, ni yako. Ikidondoka, tafuta nyingine, hata iwe nzuri kiasi gani. Kwa watoto ilishika mara moja. Kwa dada ilishika baada ya kutoa nywele zilizochungulia chini ya ushungi wake wa kuogelea. Unywele mmoja tu ukipita chini ya mpira, maji yameshapata njia. Shemeji ndiye aliyetutesa. Ana masharubu anayoyapenda, na kila akizama miwani inajaa nusu. Tulimshauri ayanyoe. Alitutazama kama watu tuliomtaka auze shamba. Mwishowe nikampaka mafuta ya mgando juu ya mdomo, kwa wingi, masharubu yakalala, mpira ukapata pa kushika. Alionekana wa ajabu lakini maji hayakuingia tena.

Kioo kupata ukungu ni tatizo la kila mtu, na dawa yake ni mate. Tema ndani, sugua kwa kidole, suuza kidogo tu kwa maji ya bahari, vaa papo hapo. Mpwa wangu mkubwa, msichana wa miaka kumi na mbili, aliona ni uchafu. Alikwenda bila mate, akarudi baada ya dakika tatu akisema, "Mjomba, sioni kitu." Akatema.

Mrija una somo moja: ukiingia maji, usivute, puliza. Puliza pumzi moja fupi kwa nguvu, maji yatoke juu, ndipo uvute taratibu. Mdogo wake alilishika haraka kuliko sote na akageuka kuwa nyangumi, akimpulizia kila anayepita.

Mambo mengine ya kufunga mzigo. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya, basi zile chupa za maji za dukani zisahauliwe. Tunabeba vibuyu vya chuma na dumu la kujazia. Mafuta ya jua nimeyakataa karibu yote. Baadhi yana oksibenzoni, kemikali inayodhuru matumbawe machanga, na yale yasiyo nayo si rahisi kuyapata hapa mtaani. Fulana za mikono mirefu zinafanya kazi hiyo hiyo, hazioshwi na maji, na zinatosha hata kwa mchana wa kijijini Wasini, ambako si adabu kupita na kifua wazi.

Ijumaa

Nahodha amepiga baada ya sala kuthibitisha: tuwe gatini saa mbili na robo. Nimekanda mahamri. Watoto wamelala na miwani vichwani.

Jumamosi

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshapanda Nissan ya jirani, na feri ya Likoni ikatupitisha bila foleni, jambo ambalo halitokei mchana. Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni. Baada ya Ramisi mashamba ya miwa yanafunguka pande zote, na pale Kanana unaiacha barabara ya Lunga Lunga unakata kushoto kuelekea baharini. Anayekwenda kwa matatu ateremke hapo Kanana atafute gari jingine au bodaboda, na asichelewe kurudi jioni.

Shimoni saa mbili kamili. Askari wa hifadhi akatazama risiti kwenye simu, akatazama vitambulisho, akatazama vyeti vya kuzaliwa. Dada hakunitazama mimi.

Boti ni ya mbao, pana, ina turubai la kivuli na injini moja nyuma, nyingine ya akiba imelala chini. Niliiulizia hiyo ya akiba kabla ya kupanda. Tulifuata mkondo kati ya Shimoni na Wasini, maji ya kijani yametulia, kisha tukazunguka kisiwa tukaikabili bahari yenyewe. Hapo boti ikaanza kuinua pua. Waliokula mahamri mawili walikuwa sawa. Shemeji alikuwa amekula sita.

Pomboo walitokea kabla ya Mpunguti. Kwanza pezi moja, kisha matatu, kisha mgongo wa kijivu unaong'aa karibu kiasi cha kusikia anavyotoa pumzi. Boti nyingine mbili zilikuwa pale, moja ikiwakimbilia kwa mbele na injini imeshika moto. Nahodha wetu alipunguza, akageuza boti iende sambamba nao kwa mbali, akangoja. "Ukimfukuza anazama," alisema, "ukimwacha anakuja kukutazama wewe ni nani." Walikuja. Mama mmoja na mwanawe walipita chini ya boti yetu, wakalala ubavu, jicho juu. Ile boti nyingine ilikuwa bado inafukuza.

Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini, Liwe la Jahazi, vyote vikabaki nyuma, na mbele Kisite yenyewe: kisiwa kidogo cha mwamba, bapa, hakina mti wa kusema ni mti, ndege wa baharini juu yake. Tulifika saa nne na dakika chache. Hakuna aliyetupa nanga. Kuna maboya ya kufungia, kwa sababu nanga moja ikiburutwa juu ya matumbawe inavunja katika dakika moja kitu kilichokua miaka mingi. Nahodha alidaka kamba ya boya kwa upondo, akafunga, akazima injini. Maji yalikuwa yamesimama. Alitupa ganda la ndimu pembeni ya boti likabaki pale pale, likizunguka mahali pamoja.

Masharti yake yalikuwa machache. Msisimame. Msiguse. Msipite mbele yangu. Ukichoka inua mkono, usipige kelele, kwa sababu injini za boti nyingine zinafunika sauti. Kijana wake akashuka na boya la duara lenye kamba, watoto wakalishika, mmoja kila upande.

Nilikuwa nimewasimulia mengi kuhusu kitakachoonekana, na nikasahau kuwaambia kuhusu kitakachosikika. Ukizamisha masikio pale unasikia mtafuno. Kwa! Kwa! Ni pono, wale samaki wa kijani na buluu wenye mdomo mgumu, wanakwangua mwamba ili wale mwani ulioota juu yake. Nilimfuata mmoja, mrefu kama mkono wangu hadi kiwiko. Aling'ata, ukabaki mkwaruzo mweupe wa mistari miwili juu ya jiwe, akasogea kidogo, akang'ata tena, kisha nyuma yake akaachia wingu la unga mweupe lililoshuka polepole. Unga huo ni mchanga. Sehemu nzuri ya mchanga mweupe wa fukwe zetu imepita tumboni mwa samaki huyu, na mpwa wangu mdogo alipoambiwa hivyo juu ya boti hakuwa na mazungumzo mengine siku nzima.

Chini palikuwa na matumbawe ya matawi, ya meza na ya mviringo, ya kahawia, ya urujuani, ya manjano ya ugoro. Vikande wakilinda mashimo yao. Makundi ya samaki wadogo wenye mistari myeusi na manjano yalitufuata kana kwamba tumewaita. Mkunga alichungulia, mdomo ukifunguka na kufumba, ambavyo ndivyo anavyopumua ingawa huonekana anakutisha. Taa mmoja mwenye madoa ya buluu alikuwa amejifukia mchangani, macho tu nje. Kasa tulimwona mwishoni, akipanda kuvuta pumzi, na dada alisahau kabisa kupiga mapezi, akabaki ameelea mikono imetanuka mpaka kijana wa boti alipomrudisha.

Si kila mahali pako hivyo. Upande mmoja kuna uwanja wa vipande vilivyovunjika na kuvaa mwani, na katikati yake matumbawe machanga ya ukubwa wa kiganja. Nilipomuuliza nahodha akasema, "Mwaka wa El Niño." Ni 1998 hiyo. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake hukaa mwani mdogo mno unaomlisha na kumpa rangi. Bahari ikipata joto digrii moja au mbili juu ya kawaida ya kiangazi, na joto hilo likae wiki kadhaa, mnyama humtoa mpangaji wake, akabaki mweupe. Joto likipoa mapema hupona. Likikawia hufa kwa njaa. Mwaka ule pwani yetu ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake, na joto hilo limerudi tangu hapo, 2016 na tena 2024. Nahodha alikumbuka kwamba mwamba ulivyokuwa mweupe wageni waliupiga picha wakiusifu uzuri. Yeye na wenzake walinyamaza. Wageni walikuwa wamelipa.

Tulikaa majini karibu saa nzima na nusu, kwa vipindi, kwa sababu hata maji ya kaskazi yenye joto hupoza mtoto. Ukiona midomo inabadilika rangi, hakuna kubembelezana. Saa sita kasoro maji yakaanza kutoka, ganda jingine la ndimu likaondoka zake taratibu kuelekea kaskazini, na nahodha akapiga mluzi.

Wasini tulilishwa wali wa nazi, kaa, na samaki wa kupaka. Shemeji alikuwa amepona, na alithibitisha. Kijijini hakuna gari hata moja, na ukimya huo watoto wa Nairobi waliuona kabla yetu. Baadaye kinamama wa hapo walitupokea kwenye bustani yao ya mawe: matumbawe ya zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo, sasa yamesimama makavu, yamechongoka, mikoko imeyazunguka, na daraja la mbao linapita katikati. Wanalisimamia wenyewe na kiingilio chake kinarudi kwao. Siku za bamvua maji huingia mpaka chini ya daraja hilo. Leo palikuwa pakavu, kaa wekundu wakikimbizana kwenye tope.

Saa nane upepo ulikuwa umeamka, kama kawaida ya mchana, na mkondo ule uliokuwa umetulia asubuhi ulitulowanisha wote hadi Shimoni. Ndiyo maana sipendi boti zinazoondoka Shimoni saa tano.

Tulipitia kwenye pango la Shimoni. Wanakijiji ndio wanaoongoza wageni, na kiongozi wetu hakupamba maneno: hapa palikuwa pa kujificha na pa ibada, kisha watu wakafungiwa humu wakingoja majahazi ya kuwapeleka Unguja sokoni. Minyororo bado imo ukutani. Mpwa wangu mkubwa aliuliza walikuwa wanakula nini. Kiongozi alimjibu kwa kirefu, wao wawili, sisi tukasimama pembeni.

Jumapili

Vifaa vimeoshwa kwa maji matamu na kuanikwa kivulini. Miwani ikianikwa juani mpira wake hukakamaa. Fulana ziliokoa migongo. Zilichosahau ni nyuma ya magoti, na leo sote tunatembea miguu imenyooka.

Shangazi, ambaye wiki nzima alisema bahari si mahali pa kumtazama samaki machoni, amezitazama picha zote mara mbili na kuuliza kama ile boti ina ngazi ya kushukia. Ina ngazi. Majira ya maji hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, basi Jumamosi ya wiki ile nyingine mwezi utakuwa ishirini na tatu, maji mafu tena, yamejaa saa nne na nusu. Nimempigia nahodha aishike siku hiyo. Ameniuliza kama shangazi anajua kuogelea au anajua kuoga, nami nimempa simu wamalizane wenyewe.